Saratani ya kinywa: usinunue kipimo cha "sumu mwilini", washa tochi ya simu uangalie

Wasikilizaji wetu wa Nachingwea na Ruangwa wamekuwa wakituuliza maswali yanayofanana. Je, kuna kipimo cha kujua kama mwili una sumu inayoleta saratani? Je, vidonge vya kuondoa sumu vinaweza kumkinga mtu anayevuta sigara au kubwia ugoro? Na kidonda cha mdomoni ambacho hakiponi mwezi mzima, dawa yake ni nini?

Maswali haya yana mzizi mmoja, na ndiyo maana tumeyaweka pamoja katika makala haya. Wanaouza vipimo na vidonge hivyo wameokota jambo la kweli kutoka maabara, kisha wakalinyoosha hadi likawa uongo. Jambo la kweli ni kwamba saratani ya kinywa huanza polepole, kwa seli kuharibiwa na kemikali zinazotokana na oksijeni, na uharibifu huo huacha alama zinazoweza kupimwa. Uongo ni kusema kwamba alama hizo zinaweza kukuonyesha leo kama una saratani, au kwamba kidonge kinaweza kuzifuta.

Soma hadi mwisho, maana mwishoni tutakuelekeza namna ya kujiangalia kinywa nyumbani kwa dakika tano bila kulipa hata shilingi.

Mafuta yaliyochacha yanatufundisha nini?

Tuanze na jambo unalolijua. Korosho iliyobanguliwa ukiifunga vizuri inakaa miezi bila kuharibika. Ukiiacha wazi kwenye sinia, baada ya muda inapoteza utamu wake na kuacha ladha kali kooni. Mafuta ya kupikia nayo, ukiyaacha bila kizibo juani, yanachacha. Aliyeyaharibu ni hewa. Oksijeni iliyo ndani ya hewa imeyashambulia mafuta na kuyavunja vipande vipande.

Wakulima wa ufuta wana mfano mwingine mzuri. Mafuta ya ufuta hukawia kuchacha kuliko mafuta mengine mengi. Sababu ni kwamba mbegu ya ufuta ina kemikali za asili, mojawapo huitwa sesamoli, ambazo huizuia oksijeni isiyavunje mafuta haraka. Kwa hiyo kwenye shamba moja tu la Ruangwa tunaona pande mbili za vita: oksijeni inayoharibu na kinga inayozuia.

Ndani ya mwili wa binadamu vita hivyo vinaendelea kila sekunde. Tunahitaji oksijeni ili seli zetu zipate nguvu kutokana na chakula. Lakini kazi hiyo ya kutengeneza nguvu ni kama moto wa jiko: lazima cheche ziruke. Cheche hizo ni chembe ndogo sana zisizotulia, ambazo hugusa chochote kilicho karibu na kukiharibu. Wataalamu wa afya huziita chembe huru haribifu.

Mwili una walinzi wa kuzima cheche hizo. Mwaka 1969 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Joe McCord na Irwin Fridovich, walieleza kazi ya kimeng'enya mwilini ambacho kazi yake ni kuzima aina moja ya chembe hizo. Tangu hapo wamejulikana walinzi wengine, baadhi wanatengenezwa na mwili wenyewe na wengine, kama vitamini C na vitamini E, tunawapata kwenye chakula.

Mambo yakiwa sawa, cheche na walinzi wanalingana. Cheche zikizidi walinzi, hali hiyo huitwa msongo wa uoksidishaji. Jina hilo lilianza kutumika sana kuanzia mwaka 1985 kutokana na kazi ya mwanasayansi wa Ujerumani, Helmut Sies. Kwa lugha ya nyumbani tunaweza kusema seli zimeanza kuchacha.

Cheche za mdomoni zinatoka wapi?

Mdomo ni mlango. Kila tunachovuta, kutafuna na kunywa kinapita hapo kwanza, na ngozi laini ya ndani ya mashavu, chini ya ulimi na kwenye ufizi ndiyo inayopokea pigo la kwanza.

Sigara na tumbaku ya kusokota. Pafu moja la moshi wa sigara hubeba chembe haribifu zinazohesabika kwa mamia ya trilioni. Moshi huo pia una kemikali nyingine zinazosababisha saratani moja kwa moja. Vyote hivyo vinagusa ulimi na mashavu kabla ya kufika kwenye mapafu.

Ugoro. Wapo wanaoamini kwamba ugoro ni salama kwa sababu hauna moshi. Si kweli. Tumbaku ya kubwia na kunusa ina kemikali za jamii ya nitrosamini, ambazo ni miongoni mwa visababishi vikali vya saratani. Ugoro ukiwekwa nyuma ya mdomo au pembeni ya ufizi, kemikali hizo hukaa mahali pamoja kwa nusu saa au zaidi, siku baada ya siku. Ukichanganywa na magadi, nikotini huingia mwilini haraka zaidi, na mtu huzidi kuwa mtumwa wake. Nchini Sudan kuna tumbaku inayofanana na hiyo, huitwa toombak, nayo huchanganywa na magadi na kuwekwa ndani ya mdomo. Watafiti wameikuta na kiwango kikubwa mno cha nitrosamini, na imehusishwa na saratani za kinywa zinazotokea pale pale inapowekwa.

Tambuu. Katika miji ya pwani kama Zanzibar na Mombasa, kuna watu wanaotafuna jani la tambuu lenye popoo na chokaa, wakati mwingine na tumbaku. Popoo ikikutana na chokaa mdomoni hutoa chembe haribifu kwa wingi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, limeitaja popoo yenyewe, hata bila tumbaku, kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu.

Pombe. Iwe bia ya chupa, uraka wa mabibo au gongo, kilevi kilichomo ni kilekile. Mwili hukigeuza kuwa kemikali iitwayo asetaldehaidi, na bakteria wa mdomoni nao hufanya kazi hiyo hiyo. Asetaldehaidi huharibu vinasaba, yaani maandishi yaliyo ndani ya seli yanayoiambia namna ya kuishi na kuzaliana. Pombe pia hulainisha ngozi ya ndani ya mdomo, hivyo kemikali za tumbaku hupenya kwa urahisi. Ndiyo maana mtu anayevuta na kunywa kwa pamoja yuko kwenye hatari kubwa zaidi kuliko ukijumlisha hatari ya sigara peke yake na ya pombe peke yake.

Jua. Saratani ya mdomo wa chini, sehemu ya nje, inaweza kusababishwa na miaka mingi ya jua kali. Ndugu zetu wenye ualbino wako hatarini zaidi, kwa hiyo kofia yenye ukingo mpana shambani ni sehemu ya matibabu yao, wala si pambo.

Kumbuka pia kwamba wapo wanaopata saratani ya kinywa bila kuvuta wala kunywa. Kwa hiyo mtu asiachwe nyuma, wala asihukumiwe, kwa sababu ya mazoea yake au kwa kukosa mazoea hayo.

Alama zinazopimwa maabara ni zipi?

Sasa tuje kwenye vipimo vyenyewe. Watafiti wanaochunguza saratani ya kinywa huchukua damu, mate au kipande cha nyama ya mdomoni, kisha hutafuta viashiria vya aina tatu.

Aina ya kwanza ni mabaki ya mafuta yaliyovunjika. Kila seli imezungushiwa ukuta mwembamba wa mafuta. Cheche zikiushambulia ukuta huo, hubaki vipande, na kipande kinachopimwa mara nyingi huitwa malondialdehaidi. Jambo la kuvutia ni kwamba kipimo kinachotumika sana maabara kukitafuta katika damu kinafanana na kile wanachotumia wapimaji wa vyakula kujua kama mafuta au nyama imechacha. Mfano wetu wa korosho, basi, si wa kubahatisha.

Aina ya pili ni alama kwenye vinasaba. Vinasaba vimeandikwa kwa herufi nne tu. Cheche ikiiunguza moja ya herufi hizo, seli inaweza kuisoma vibaya wakati wa kunakili, kama karani anayenakili daftari lililomwagikiwa maji. Mwili hukata herufi zilizoungua na kuzitoa nje, na wataalamu huzipima kwa kiashiria kinachoandikwa 8-OHdG. Makosa mengi hurekebishwa. Lakini yakijikusanya kwa miaka, siku moja kosa linaweza kuangukia sehemu inayoiamuru seli iache kuzaliana. Seli hiyo haisikii tena amri, na hapo ndipo safari ya saratani huanza.

Aina ya tatu ni hali ya walinzi wenyewe. Watafiti hupima vimeng'enya na vitamini zinazozima cheche, kuona kama vimepungua au vinafanya kazi kupita kiasi.

Tafiti nyingi, hasa za India ambako ugonjwa huu ni mkubwa, zimeonyesha picha inayofanana. Kwa wastani, wagonjwa wa saratani ya kinywa wana mabaki mengi zaidi ya mafuta yaliyovunjika kuliko watu wazima wa afya, na mara nyingi walinzi wao wamepungua. Watu wenye madoa yanayoweza kugeuka saratani baadaye mara nyingi huwa katikati ya makundi hayo mawili. Hii ni habari muhimu, kwa sababu inatuonyesha kwamba ugonjwa hauji ghafla usiku mmoja. Una njia ndefu, na katika njia hiyo kuna vituo ambavyo unaweza kuushika.

Mbona basi tusipime kila mtu?

Hapa ndipo wauzaji wanapowapotosha watu. Angalia neno "kwa wastani" tulilotumia hapo juu. Ukichukua wagonjwa 100 na watu wazima wa afya 100, utaona tofauti kati ya makundi. Lakini ukimchukua mtu mmoja, kipimo hicho hakitakuambia yuko kundi gani.

Sababu ni kwamba cheche hizi huongezeka kwa mambo mengi. Malaria huziongeza. Kisukari huziongeza. Ufizi unaovuja damu huziongeza, na sigara uliyovuta asubuhi huziongeza. Kwa hiyo mtu mwenye malaria na ufizi mbovu anaweza kuonekana na viashiria vya juu ilhali hana saratani kabisa, na mwingine mwenye saratani changa chini ya ulimi anaweza kuonekana wa kawaida. Ni sawa na kusikia harufu ya moshi kijijini: unajua kuna kitu kinaungua, lakini hujui kama ni nyumba, ni shamba linalosafishwa, au ni jirani anachoma mahindi.

Viashiria hivi ni vya watafiti, vinawasaidia kuelewa ugonjwa. Havitumiki hospitalini kuamua kama mtu ana saratani ya kinywa. Na kama damu iliyopimwa katika maabara halisi haiwezi kutoa jibu hilo, basi mashine ya kushika mkononi inayodaiwa kupima mwili mzima kwa dakika moja haiwezi kabisa. Ukiambiwa ushike kifimbo, karatasi itoke, halafu hapo hapo uuziwe kopo la vidonge la maelfu ya shilingi, funga mfuko wako.

Vidonge vya kuondoa sumu: kilichotokea vilipojaribiwa

Vitamini zinazozima cheche zimepewa jina la viondoasumu, na jina hilo ni tamu sana masikioni. Nani asiyetaka kuondolewa sumu? Hoja ya muuzaji inaonekana ya busara: kama cheche huleta saratani, basi meza kizima cheche. Tatizo ni kwamba hoja hiyo ilishajaribiwa kwa watu, na matokeo yakawa kinyume.

Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waligawanywa katika makundi. Baadhi walipewa vidonge vya beta karotini, ile rangi ya njano ya karoti na maembe, wengine vitamini E, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994. Waliomeza beta karotini hawakukingwa; walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Utafiti mwingine nchini Marekani, uliowahusisha wavutaji na watu waliofanya kazi kwenye vumbi la asbestosi, ulisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu waliomeza vidonge walikuwa wakiugua zaidi.

Karibu zaidi na mada yetu ni utafiti wa Quebec, Kanada. Wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo, kundi ambalo saratani ya kinywa imo, walikuwa wakitibiwa kwa mionzi. Nusu walipewa vidonge vya vitamini E, na mwanzoni pamoja na beta karotini, kwa matumaini kwamba saratani ya pili isingetokea. Katika kipindi cha kumeza vidonge, saratani za pili zilitokea zaidi kwa waliomeza, na baadaye ikaonekana kwamba vifo pia vilikuwa vingi zaidi upande wao.

Imekuwaje? Mwaka 2014 watafiti wa Sweden walionyesha kwa panya kwamba uvimbe wa mapafu ulikua haraka zaidi panya walipopewa viondoasumu. Maelezo yao ni kwamba seli ya saratani nayo inaunguzwa na cheche, tena nyingi, kwa sababu inakua mbio. Ukimwaga maji kwenye moto wote, unamwokoa na mwizi aliyejificha humo ndani.

Je, hii ina maana tuache matunda na mboga? Hapana. Chakula na kidonge ni vitu viwili tofauti. Watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi huonekana kuwa na hatari ndogo ya saratani ya kinywa. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na msimu wake ukifika linaoza chini ya mikorosho yetu. Kisamvu, majani ya kunde, mlenda, papai na maembe viko karibu. Kula hivyo, lakini usidhani vinakupa ruhusa ya kuendelea na ugoro. Na kama unatibiwa saratani, usimeze kidonge chochote cha vitamini bila kumwambia daktari wako.

Kinachookoa maisha ni macho

Duniani kote, kwa makadirio ya mwaka 2022, watu karibu 390,000 walipata saratani ya midomo na kinywa, na takriban 188,000 walikufa. Vifo vingi hivyo havitokani na ukosefu wa mashine kubwa. Vinatokana na kuchelewa. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani ya kinywa ikigunduliwa kabla haijatoka mahali ilipoanzia, zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishasambaa sehemu za mbali, ni chini ya nusu.

Tofauti na saratani ya ini au ya kongosho, hii iko mahali panapoonekana. Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, ulifanyika utafiti mkubwa kuanzia mwaka 1996. Wahudumu waliofundishwa, wasio madaktari, walipita nyumba kwa nyumba na kuangalia vinywa vya watu kwa mwanga wa tochi. Aliyekuwa na kitu cha kutilia shaka alipelekwa kwa daktari. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 yalionyesha kwamba, miongoni mwa wanaotumia tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa takriban theluthi moja katika maeneo yaliyokaguliwa. Hawakupima damu wala mate. Walitumia macho, tochi na ufuatiliaji.

Tochi hiyo unayo mkononi sasa hivi, kwenye simu unayosomea makala haya.

Jikague kwa dakika tano

Fanya hivi mara moja kila mwezi, hasa kama unavuta, unabwia ugoro, unatafuna tambuu au unakunywa pombe, au kama umevuka miaka 40. Nawa mikono, sukutua kinywa, toa meno ya bandia kama unayo. Simama mbele ya kioo, au mwombe mwenzio ashike simu yenye tochi.

1. Angalia midomo kwa nje, kisha uikunje uone ndani, juu na chini. Anayebwia ugoro aangalie kwa makini mahali pale pale anapouweka.
2. Vuta shavu moja kando kwa kidole, angalia ndani na kwenye ufizi. Rudia shavu la pili.
3. Toa ulimi nje. Ushike ncha yake kwa kitambaa safi, uuvute upande mmoja, kisha upande mwingine. Pembeni mwa ulimi ni mahali ambapo saratani hupenda kuanzia.
4. Inua ulimi uguse juu, angalia chini yake.
5. Inamisha kichwa nyuma, angalia kaakaa na kooni.
6. Mwisho, papasa shingo na chini ya taya pande zote mbili, utafute uvimbe.

Nenda kituo cha afya ukiona moja ya haya:

- Kidonda kisichopona baada ya wiki mbili, hata kama hakiumi. Saratani changa mara nyingi haiumi, na hapo ndipo inapowadanganya watu.
- Doa jeupe ambalo halifutiki ukilisugua kwa kitambaa, au doa jekundu kama ngozi iliyobabuka. Doa jekundu ni la kuharakishwa zaidi.
- Uvimbe au sehemu iliyokakamaa mdomoni au shingoni.
- Jino lililolegea bila sababu, au shimo la jino lililong'olewa ambalo halifungi.
- Mdomo au ulimi kufa ganzi, kushindwa kufungua kinywa vizuri, kumeza kwa shida, au sikio kuuma wakati sikio lenyewe ni zima.

Ukiona kitu, kipige picha. Subiri wiki mbili, piga tena mahali pale pale na mwanga uleule, ulinganishe. Lakini kama ni uvimbe shingoni au doa jekundu, usisubiri wiki hizo mbili.

Mengi utakayoyaona hayatakuwa saratani. Vidonda vidogo vinavyouma na kupona ndani ya siku kumi ni vya kawaida. Utando mweupe unaofutika mara nyingi ni fangasi, unatibika. Mtoto mwenye uvimbe wa taya unaokua haraka huwa na ugonjwa mwingine, lakini naye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu zipo saratani za utotoni zinazokua mbio na zinazotibika vizuri kwa dawa.

Ukifika hospitali, nini kitatokea?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, useme wazi: "Nina kidonda mdomoni, kina wiki kadhaa, hakiponi. Naomba nikaonwe na daktari wa kinywa na meno." Hospitali ya wilaya, Nachingwea au Ruangwa, itaamua kama unahitaji rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sokoine mjini Lindi, au mbali zaidi. Matibabu ya saratani yenyewe, upasuaji mkubwa au mionzi, kwa watu wa kusini mara nyingi humaanisha safari ya Dar es Salaam, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Kipimo kitakachotoa jibu ni kimoja: kukata kipande kidogo cha mahali penye tatizo na kukiangalia kwa darubini. Wakulima wa korosho wanakijua kipimo hiki kwa njia yao. Hakuna anayejua ubora wa korosho za kwenye gunia kwa kulitikisa. Mpimaji huchota sampuli, akazikata katikati, akaangalia ndani, na hapo ndipo daraja linapojulikana. Mdomoni ni vivyo hivyo. Unachomwa sindano ya ganzi, kipande kinachotolewa ni kidogo, na majibu huchukua siku au wiki kadhaa.

Kuna hofu kubwa vijijini kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Hofu hiyo imewachelewesha wengi. Kukata kipande cha kupima hakuigeuzi saratani changa kuwa sugu. Kinachoisambaza ni miezi inayopita bila matibabu: mwezi wa kusukutua chumvi, mwezi wa dawa za mizizi, mwezi wa vidonge vya duka, mwezi wa kung'oa jino lisilo na kosa, kisha mwezi wa kusubiri mnada wa ufuta au korosho ili nauli ipatikane. Mjadala wa nauli ni wa kweli, tunaujua. Lakini nauli ya kutibu kidonda cha ukubwa wa punje ya mtama ni ndogo kuliko gharama ya kutibu taya zima. Familia ikijua hilo mapema, hata kikao cha kuchangishana kinakuwa na maana.

Kuacha bado kuna faida

Kuna mzee atakayesema, "Nimebwia ugoro miaka 30, sasa nikiacha itanisaidia nini?" Itakusaidia, mzee wangu. Cheche tulizozieleza huongezwa kila siku na tumbaku. Ukiacha kuchochea, moto unapungua, na mwili unaanza kurekebisha kilichobaki. Kwa wavutaji wa sigara, hatari ya saratani ya kinywa hupungua kwa karibu nusu ndani ya miaka 5 hadi 10 baada ya kuacha. Hata madoa meupe mdomoni, baadhi yake hupungua au kutoweka mtu akiacha tumbaku. Aliyekwisha kupata saratani naye akiacha, matibabu yake yanakuwa na nafasi nzuri zaidi.

Kwa kina mama wanaoficha ugoro kwenye upindo wa khanga, ujumbe ni huo huo. Hatuji kuwaaibisha. Tunaomba mwangalie mahali mnapouweka, leo jioni, kwa tochi.

Mtumie makala haya ndugu yako asiyesikia redio yetu, na kama kuna mzee nyumbani asiyeona vizuri, mwangalie wewe kinywa chake. Akiwa na kidonda kilichovuka wiki mbili, kesho asubuhi aende kituo cha afya.